Kabla ya Kupanda Ndege ya Moroni: Mwongozo kwa Mhudumu wa Afya Anayejitolea

Kabla hujaomba ruhusa kazini, na kabla hujatangaza safari kwenye kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja, ulizia jambo hili: ni nani kule Komoro aliyekuita? Ukitajiwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayeandaa msafara, bado hujaitwa. Mwaliko wa kuaminika huandikwa na mkurugenzi wa hospitali itakayowapokea. Hutaja idara, tarehe, aina ya wagonjwa waliokwisha kuandikishwa, na daktari mwenyeji atakayebaki nao mkishaondoka. Huyo wa mwisho usikubali akosekane. Barua ikikosa jina lake, irudishe kwa adabu na uombe nyingine.

Nimechagua Komoro kwa sababu ni safari iliyo karibu na uwezo wa wengi wetu. Ndege kutoka Dar haichukui muda, saa ni zilezile za Afrika Mashariki, Uislamu wa huko ni wa madhehebu ya Shafii kama wa pwani yetu, na kwa miaka mingi wagonjwa wa Kingazija wamekuwa wakivuka bahari kuja kutibiwa Muhimbili na hospitali nyingine za Dar. Ukaribu huo ndio unaopotosha watu. Hujiandaa kana kwamba wanakwenda Mafia, wakafika uwanja wa ndege wa Hahaya na kukuta fomu za Kifaransa, soketi zisizopokea plagi zao, na ofisa wa forodha anayetaka kibali cha kila boksi la dawa.

Karatasi, miezi sita kabla

Leseni yako ya Tanzania au Kenya haina nguvu Moroni. Komoro si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo usitegemee utaratibu wa kutambuana kitaaluma uliopo kati ya nchi zetu. Unahitaji idhini ya maandishi kutoka wizara ya afya ya huko, na ili uipate utatakiwa kupeleka cheti cha taaluma, leseni hai, na hati ya mwenendo mwema wa kitaaluma inayotolewa na baraza lako: Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Uuguzi na Ukunga, au mabaraza ya Kenya kwa wa Kenya. Vyote vitafsiriwe Kifaransa na mfasiri anayetambulika. Tafsiri ya binamu aliyesoma Bujumbura haitoshi, hata kama Kifaransa chake ni kizuri.

Mtumishi wa umma aongeze kibali cha mwajiri cha kusafiri nje ya nchi. Kiombe mapema, kwa kuwa hakuna karatasi inayolala juu ya meza za watu kama hiyo.

Wapo watakaokuambia kwamba haya ni urasimu, na kwamba mgonjwa hamuulizi mtu leseni. Mwaka 2019 akina mama wa Uganda walimfungulia kesi Mmarekani aliyekuwa akiendesha kituo cha watoto wenye utapiamlo Jinja bila kuwa na taaluma ya udaktari. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2020. Tulipoisoma habari ile sote tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini mkunga anayekubali kuzalisha kwa upasuaji kwa sababu "huko hawana mtu," au daktari wa mwaka wa kwanza anayeshika kisu ambacho hapa nyumbani asingepewa bila msimamizi, anafanya jambo la ukoo uleule. Kanuni ni fupi: usilolifanya kwenye wodi yako, usilifanye ng'ambo.

Wewe mwenyewe kama hatari

Vitabu vya wasafiri huandikwa kwa ajili ya Mzungu anayehofia kuambukizwa. Sisi tunaokwenda Komoro tuanze upande wa pili, yaani tunachoweza kuwapelekea.

Mwishoni mwa Januari 2024 chombo kilichotoka Tanzania kilitia nanga Moroni kikiwa na abiria wagonjwa, mmoja wao akiwa amekwisha kufa. Mapema Februari kipindupindu kilitangazwa rasmi. Kikaenea visiwani, kikakishika zaidi kisiwa cha Nzwani, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Anjouan, na zaidi ya watu 10,000 waliugua mwaka huo. Haiti nayo ilipelekewa kipindupindu mwaka 2010 na walinda amani waliokwenda kusaidia. Kwa hiyo, ukiharisha wiki ya safari, baki nyumbani. Timu nzima ikubaliane kabla kwamba anayeharisha haulizwi mara mbili wala halaumiwi kwa kuacha pengo, na kila nafasi ya lazima iwe na mbadala aliye tayari.

Malaria ni vilevile. Wakomoro walifanya kazi kubwa ya kuipunguza, wakigawa dawa kwa jamii nzima, kisiwa kimoja baada ya kingine: Mwali mwaka 2007, Nzwani 2012, Ngazija 2013. Mwali na Nzwani zilikaribia kuifuta kabisa, huku ya Ngazija ikirudi kupanda. Mtu mzima wa Kilombero au Kisumu anaweza kutembea na vimelea bila homa yoyote. Pima siku chache kabla ya kuondoka, na ukikutwa navyo umalize dawa kabla ya kupanda ndege. Kulala ndani ya chandarua kule ni kwa ajili yako na ya mwenyeji wako.

Baada ya hapo ndipo ujilinde wewe. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ina dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza. Anayekumbuka wiki mbili kabla ya safari ameshachelewa. Hati ya homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 inatambuliwa kwa maisha yote, hivyo usikubali kuchanjwa tena kwa sababu tu kadi yako ni ya zamani. Kama ulikulia Nairobi, Arusha au Njombe, usijidanganye kwamba wewe ni mtu wa malaria: kinga ya kukua nayo huna, na hata aliye nayo huipoteza akikaa mbali. Doksisaiklini huanzwa siku moja au mbili kabla ya kufika na kuendelea wiki nne baada ya kurudi. Wengi huiacha siku wanayofika nyumbani.

Na sindano ikikuchoma? Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kuendelea siku 28. Komoro ina maambukizi machache sana ya VVU, kwa hiyo usitarajie dawa hizo kukaa kila kituo. Bebeni za kuanzia, na mjue kabla nani atapigiwa simu usiku.

Bima iwe na usafirishaji wa dharura kwa ndege, na iandike Komoro kwa jina. Piga simu kwa kampuni, uliza mgonjwa wa Mwali atafikaje Moroni kabla ya kufikishwa Dar au Nairobi. Wakibabaika kujibu, tafuta wengine.

Dawa na vifaa

Shirika la Afya Duniani lina miongozo ya misaada ya dawa tangu 1996, na masharti yake mawili yangetosha kuzuia aibu nyingi. La kwanza: dawa isiyoombwa isipelekwe. La pili: ikifika nchini iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Yale maboksi ya sampuli yaliyokusanywa kutoka maduka ya dawa ya Kariakoo, nusu yakiwa yamebakiza miezi mitatu, ni taka iliyosafirishwa kwa gharama ya mfadhili. Mwenyeji atalazimika kuziteketeza, na kuteketeza dawa kisiwani si kazi nyepesi.

Omba orodha ya dawa muhimu za taifa la Komoro, uoanishe kila unachotaka kubeba nayo. Ukimwanzishia mgonjwa dawa ambayo haiuzwi mjini Mutsamudu kule Nzwani, umempa tiba ya siku ulizobeba tu.

Mofini, pethidini na diazepamu zimo kwenye mikataba ya kimataifa ya udhibiti. Zinahitaji kibali cha kutoka hapa, kwa Tanzania kupitia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kibali cha kuingia kule, vyote kabla ya safari. Ketamini haimo kwenye mikataba hiyo, lakini nchi nyingi huidhibiti kwa sheria zao, kwa hiyo iombee vilevile. Oksitosini na insulini zinataka nyuzi 2 hadi 8: panga nani atazishika mkononi, friji ipi itazipokea, na umeme ukikatika usiku nani ataamka. Betri za lithiamu za taa za kichwani na oksimita ziende kwenye mkoba wa mkononi. Spiriti nunueni huko.

Sasa umeme na maji, ambavyo wapangaji wa safari huviacha mwishoni. Soketi za Komoro ni za Kifaransa, matundu mawili ya duara, wala si ya miguu mitatu bapa kama ya kwetu. Adapta za kupachika za dukani hulegea, na mashine ya kufyonza damu ikizimika katikati ya upasuaji hutapata wa kumlaumu. Fundi wa vifaa tiba abadilishe plagi zenyewe kabla ya kufunga mizigo. Msafara usio na fundi huyo mimi nisingekwenda nao, hata ukiwa na maprofesa watano.

Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima. Mwamba wa volkano ya Karthala hunyonya mvua yote, na watu wengi hutegemea mabirika ya maji ya mvua. Kabla hamjaahidi upasuaji kumi kwa siku, ulizeni birika la hospitali lina maji kiasi gani mwezi huo, kwa kuwa kuosha vyombo, otoklevu, mikono ya timu na mashuka vyote vinakunywa humo humo. Idadi ya upasuaji ipangwe kwa maji na kwa seti za vyombo zilizopo. Ari ya wageni isiingizwe kwenye hesabu hiyo.

Chagua kazi inayoweza kuishia mikononi mwa mwenyeji

Hapa ndipo misafara mingi huharibika, na huharibika huku kila mtu akipiga makofi.

Chukua shinikizo la damu. Hakuna jambo rahisi kuliko kupanga viti chini ya mwembe, kupima watu kuanzia asubuhi, na jioni kutangaza idadi. Lakini mtu hasemwi kuwa ana shinikizo la damu kwa kipimo kimoja alichopimwa akiwa amesimama juani kwa saa tatu. Anatakiwa kukutwa na 140/90 au zaidi kwenye siku mbili tofauti, ila akiwa juu mno au ana dalili za hatari. Ukimpa amlodipini ya siku 30 halafu ukapanda ndege, umemwachia ama dawa asiyoihitaji, ama ugonjwa wa maisha wenye dawa ya mwezi mmoja. Atakapoimaliza atajiona mzima, aache. Huyo ni afadhali asingekutana nawe.

Je, usipime? Pima, ila kwa mpango. Siku ya kwanza pima, siku ya tatu warudi wapimwe tena, na wanaothibitika waandikwe kwenye rejista ya kituo chao, si kwenye daftari lako. Muuguzi wa kituo ndiye awaandikie dawa, wewe ukiwa pembeni. Dawa iwe ile anayoweza kuiagiza tena. Utaona watu wachache kuliko kambi ya jirani, na picha yenu haitapendeza gazetini.

Upasuaji una hesabu yake. Maambukizi ya kidonda hufuatiliwa hadi siku 30. Safari yenu ni ya wiki moja au mbili. Hiyo ina maana kwamba sehemu kubwa ya matatizo yenu itatokea mkiwa mmeshafika nyumbani na mnasimulia. Kwa hiyo wagonjwa wagumu wafanyiwe siku za mwanzo, wepesi baadaye, na siku tatu za mwisho asipasuliwe mtu ila kwa dharura. Mgonjwa wa mtoto wa jicho anatakiwa kuonwa kesho yake, kisha baada ya wiki, na matone yake huendelea wiki nne hadi sita: nani ameyahesabu na kuyaacha kwenye duka la dawa la hospitali? Kwa goita kubwa, au ngiri iliyokatwa mara mbili huko nyuma, kama mwenyeji hawezi kuirudia usiku wa manane ikivuja damu, jibu ni hapana, na mgonjwa huyo aandikiwe rufaa.

Kila mgeni afanye kazi na mwenzake wa hapo, bega kwa bega, kuanzia mgonjwa wa kwanza. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ile ya 2008 yenye vipengele 19, isomwe kwa sauti kwa lugha ya chumba hicho, na ni vizuri asome mwenyeji. Kipengele cha kutajana majina na kazi kina maana kubwa kwa timu iliyokutana jana.

Na muulize mkurugenzi jambo ambalo hatalisema mwenyewe: siku mnazotoa huduma bure, nani anapoteza? Hospitali nyingi huendeshwa kwa ada za wagonjwa, na pengine daktari wa mtaa wa pili ana zahanati inayolisha nyumba yake. Msafara unaoikausha hospitali wiki mbili, kisha ukaiacha na bili ya bandeji na mafuta ya jenereta, haujajitolea chochote. Bajeti yenu iwe na fungu la hospitali, lililokubaliwa kwa maandishi. Fulana na mabango yakatwe kwanza fedha zikipungua. Sherehe ya ufunguzi nayo muipunguze mnavyoweza: mgeni rasmi akichelewa, wagonjwa waliofunga kula kwa ajili ya upasuaji wanaendelea kukaa na njaa.

Lugha na adabu

Kiswahili chako kitakufikisha mahali, lakini usikipe wagonjwa wako. Wapo Wakomoro wanaokijua kwa sababu waliishi Zanzibar au walifanya biashara Dar. Mama mzee wa kijiji cha Nzwani huenda asikijue kabisa, na Shikomori inafanana na lugha yako kiasi cha kukufanya udhani umeelewa. Huko "marahaba" ni asante. Maneno yanayofanana ndiyo ya hatari wakati wa kuchukua historia ya ugonjwa au ridhaa ya upasuaji. Muwe na mkalimani anayelipwa, mtu mzima, asiye jamaa wa mgonjwa, na kwa wagonjwa wa kike awe mwanamke. Kumbukumbu za hospitali ni za Kifaransa: jifunze angalau majina ya dawa, vipimo, tarehe na kiungo cha upande wa kulia na wa kushoto. Hilo la kulia na kushoto lirudie mpaka ulichoke.

Mavazi na salamu havitakusumbua kama ni mtu wa pwani. Mtu wa bara avae kwa stara na asiharakishe salamu. Mume au mjomba wa mgonjwa wa kike atataka kuwepo wakati wa maelezo. Mkaribishe, kisha hakikisha mama mwenyewe amesikilizwa peke yake na jibu ni lake. Picha za wagonjwa zisipigwe kwa simu binafsi. Kama hospitali inataka picha ya kidonda kwa matibabu, ipigwe kwa kifaa chao.

Wakati wa kwenda

Mvua na vimbunga ni kati ya Novemba na Aprili; kimbunga Kenneth kiliipiga Ngazija mwishoni mwa Aprili 2019. Mwezi wa Ramadhani uacheni, isipokuwa mmeitwa kwa dharura. Julai na Agosti anga ni shwari, lakini ndio msimu wa harusi kubwa, Wakomoro wa Ufaransa wamerudi kwa wingi, vyumba ni ghali na muuguzi mnayemtegemea ana harusi ya dada yake. Mei na Juni, au Septemba na Oktoba, ni afadhali, ukitazama kalenda ya mfungo.

Kama kazi iko Mwali au Nzwani, acheni siku nzima mbili za akiba kila upande. Ndege za kati ya visiwa ni ndogo na huahirishwa, na mwaka 2022 moja ilianguka baharini karibu na Mwali ikiwa na watu 14. Msilazimishe rubani, wala msikodi boti jioni ili kuokoa ratiba.

Siku ya mwisho, na mwezi unaofuata

Siku ya mwisho haina wagonjwa wapya. Kaeni na daktari mwenyeji, mpitie kitanda kwa kitanda, kisha orodha ya waliokwisha kuruhusiwa: jina, kijiji, simu, kilichofanyika, kinachotarajiwa, nini kikitokea afanye nini. Nakala iwe ya Kifaransa na ibaki hospitalini. Dawa na vifaa mnavyoacha viandikwe kwa idadi na tarehe ya kuisha muda, mfamasia asaini, na asichokitaka mrudi nacho.

Chagueni mtu mmoja kwenye timu atakayepiga simu siku ya 7, ya 14 na ya 30, na mumlipie simu hizo. Aulize waliopata usaha, waliorudishwa chumba cha upasuaji, waliofariki, na waliopotea. Majibu yaingie kwenye ripoti ileile mtakayompelekea mfadhili, kwenye ukurasa uleule wenye idadi ya waliotibiwa. Mkurugenzi apelekewe kwanza, apewe nafasi ya kusahihisha.

Nawe ukipata homa ndani ya wiki za mwanzo baada ya kurudi, usijitibu kwa mazoea. Pima malaria siku hiyohiyo, na mwambie anayekupokea ulikuwa wapi.